Honi Kichakani

Msomaji mmoja wa Muheza, ambaye shamba lake la iliki liko huko juu kuelekea Amani, ameniuliza swali ambalo kwa muda mrefu nimekuwa nikitamani mtu aniulize. Anasema kila msimu wa mvua, jua likielekea kuzama, husikia honi ndogo ikilia ndani ya kichaka cha kando ya kijito: prrrrrrt! Kisha kimya. Halafu tena, prrrrrrt, mahali palepale. Watoto wake wanashikilia kwamba ni chura. Jirani anasema ni mdudu. Yeye siku moja alinyatia, akakiona kindege kikitoka kwenye tawi, kikazunguka mara moja na kutua palepale kilipotoka, na honi ikalia kikiwa hewani. Kinachomtatiza ni kwamba hakuona mdomo ukifunguka.

Hata ungefunguka, usingebadilisha kitu. Sauti ile inatoka kwenye mabawa.

Ndege mwenyewe kisayansi anaitwa Smithornis capensis. Vitabu vya ndege humpa jina linalotokana na upana wa mdomo wake, nami humu nitamwita mdomopana. Andrew Smith, daktari wa jeshi kutoka Uskoti aliyefanya kazi Afrika Kusini, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza karibu mwaka 1840. Miaka kumi hivi baadaye Charles Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon, akaliunda jina la jenasi kutokana na jina la Smith. Wale wa pwani yetu, kuanzia kusini-mashariki mwa Kenya kupitia mashariki mwa Tanzania hadi kaskazini mwa Msumbiji, wana jina lao la nususpishi: suahelicus, yaani Mswahili. Wamekuwa Waswahili rasmi tangu 1926, jambo ambalo sidhani kama kuna aliyewaarifu.

Ni ndege mdogo, sentimita 13 hivi kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili kinavyostahili. Mgongo wake ni wa kahawia, kifua na tumbo ni vyeupe vyenye michirizi myeusi iliyokolea. Dume amevaa kofia nyeusi. Ya jike ni ya kijivu yenye michirizi. Mdomo ndio kitambulisho: bapa, mpana kwenye mashina, mweusi juu na wa waridi chini, na ukimtazama kwa mbele utadhani aliazima wa ndege mwingine. Ana siri moja pia. Manyoya ya mgongoni ni meupe kwenye mashina yake, na weupe huo hufunikwa kabisa anapokuwa ametulia. Ametulia ndivyo alivyo karibu siku nzima: hukaa wima kwenye tawi la chini, kivulini, hatikisiki, hasemi, kisha huchomoka ghafla kumdaka mdudu juu ya jani na kurudi kukaa. Watu wanaompita kila siku bila kumwona hawana haja ya kujilaumu.

Makazi yake ni popote penye kivuli kizito karibu na ardhi: misitu ya milimani kama ya Usambara, vichaka vya kando ya mito, misitu ya pwani, na sehemu za miombo ambako mimea ya chini imefungamana kiasi cha kumfanya mtu apite kwa kuinama. Msitu ukifyekwa chini na kuachwa miti mirefu tu, watu wataendelea kuuita msitu. Yeye atakuwa ameshahama. Kiota chake ni kifuko kinachoning'inia kwenye tawi la chini, kimefumwa kwa nyuzi za magome, majani makavu na nyuzi nyeusi za kuvu, kina mlango ubavuni na mkia mrefu wa takataka unaoning'inia chini yake, hivi kwamba ukikitazama unaona uchafu tu ulioletwa na mafuriko. Mayai ni meupe, aghalabu mawili au matatu.

Hayo yanatosha kwa sura na makazi. Anayetaka uzito, vipimo vya kucha na orodha ya wadudu anaowala atavipata katika kitabu chochote kizuri cha ndege wa Afrika Mashariki. Mimi nina haraka ya kufika kwenye bawa.

Kwanza onyesho lenyewe. Dume huchagua tawi lililolala, mara nyingi halizidi sana kimo cha mtu, lenye uwazi kidogo mbele yake. Anajirusha, anachora duara dogo lisilozidi mita moja hivi, mwili ukidundadunda hewani, manyoya ya mgongo yamefumuka na ule weupe uliofichwa umetoka wote nje, na anatua kwenye tawi lilelile. Jambo lote halichukui muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Wakati wa mzunguko huo honi inalia, na ukiwa karibu unashangaa kwamba sauti nene namna hiyo imetoka kwa kiumbe kidogo hivyo. Hufanya hivyo asubuhi na jioni, akirudia na kurudia, hasa mvua zinapoanza.

Ndege wanaopiga ala badala ya kuimba si habari mpya. Charles Darwin aliwaandikia sehemu nzima katika kitabu chake cha 1871 kuhusu uchaguzi wa kijinsia, akaziita sauti zao muziki wa ala ili kuzitofautisha na za koo. Ila ndege wengi wa namna hiyo wanajulikana kwa kuwatazama tu: bawani au mkiani utakuta unyoya mmoja au mawili yaliyokonda, yaliyopinda au yaliyonenepa kwa namna isiyo ya kawaida, na hapo unajua ala ni ipi. Huko Ecuador na Colombia kuna kindege kiitwacho Machaeropterus deliciosus ambacho unyoya wake mmoja wa bawa una matuta mfululizo, na unyoya wa jirani umepinda na kugumuka kama kijiti cha kuyakwaruza. Kimberly Bostwick na Richard Prum walieleza mwaka 2005 jinsi ndege huyo anavyogonganisha mabawa juu ya mgongo zaidi ya mara 100 kwa sekunde na kutoa mlio. Njiwa mmoja wa Australia mwenye kishungi, ambaye bawa lake hupiga filimbi anaporuka kwa hofu, ana unyoya wa nane uliokonda waziwazi ukiulinganisha na wenzake.

Mdomopana hana kitu cha aina hiyo. Fungua bawa lake, likague unyoya kwa unyoya, na utaona bawa. Bawa la kawaida la ndege wa kawaida.

Ndipo mwaka 2016 Christopher Clark, Alexander Kirschel, Louis Hadjioannou na huyohuyo Richard Prum walipochapisha katika Journal of Experimental Biology uchunguzi ambao nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyohitaji. Walishughulika na mdomopana huyu na binamu yake mwenye madoa ya rangi ya chungwa kifuani, Smithornis rufolateralis, anayeishi katika misitu ya Kongo hadi magharibi mwa Uganda. Hadi wakati huo vitabu vilikuwa vikisema, kwa kukisia, kwamba honi hutoka kwenye manyoya mawili ya mwisho kabisa wa bawa, wa tisa na wa kumi. Manyoya makuu ya kurukia huhesabiwa kutoka ndani kwenda nje, hivyo wa kumi ndio ulio ukingoni. Kisio lilikuwa na akili: bawa likishushwa, ncha ndiyo inayokwenda kasi zaidi, na penye kasi ndipo unapotarajia kelele.

Walianza kwa kamera inayopiga mamia ya picha kwa sekunde, ikiwa imefungamanishwa na kinasa sauti. Honi, ikitazamwa kwa ukaribu huo, si mlio mmoja. Ni msururu wa vipande vifupi vya sauti, na kila kipande kinaangukia pale bawa linaposhuka. Linapopanda, kimya. Linaposhuka, sauti. Vilevile picha zilionyesha kwamba mara nyingine, wakati wa kushuka, vinatokea vipenyo vidogo kati ya unyoya na unyoya kuanzia wa sita kwenda nje, mahali ambapo kwa desturi manyoya hulaliana bila kuacha nafasi.

Mtu mbishi, nami ni mmoja wao, atasema hilo halitoshi. Ndege anaweza kuimba kwa koo huku akifuata mapigo ya bawa lake. Kwa hiyo wakachukua bawa la ndege aliyekufa, lililokaushwa likiwa limekunjuliwa, wakaliweka ndani ya handaki la upepo, yaani bomba kubwa ambamo hewa hupulizwa kwa kasi inayodhibitiwa. Walilizungusha bawa polepole mbele ya upepo. Lilipofika mkao fulani, unyoya wa sita na wa saba ulianza kutikisika, na bawa la ndege aliyekufa likatoa sauti.

Hapo ndipo panaponifurahisha mno, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu ili kuelewa kwa nini unyoya utoe sauti ukiwa hakuna anayeugusa inabidi tupande chomboni.

Tanga lililojaa halina kelele. Chombo kinakata maji, demani, ile kamba ya kulivutia tanga, imekazwa, nguo imevimba, na unaweza kuzungumza na mwenzako kwa sauti ya kawaida. Sasa nahodha aupandishe omo mno akiutafuta upepo, au baharia aiachie demani. Ukingo wa tanga unaanza kutetemeka, kisha nguo yote inaamka: pata, pata, pata, mpaka foromali, ule mti unaolibeba tanga, na mlingoti vinatikisika na abiria wageni wanakamata kingo. Nani analipiga tanga lile? Kusi haliji kwa vipigo. Linavuma mfululizo, saa nzima, kwa nguvu ileile. Hakuna mkono, hakuna nyundo. Mdundo unatoka wapi?

Unatoka katika mabishano ya nguo na hewa. Nguo ikiinama kidogo tu upande mmoja, hewa inayopita juu yake inabadilika: upande mmoja inakwenda kasi zaidi, shinikizo linapungua, na nguo inavutwa izidi kuinama kule ilikokwisha kuelekea. Lakini nguo nayo ina msimamo wake. Imefungwa kwenye foromali, ina uzito, ina ukakamavu, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyotaka kurudi. Inarudi. Inarudi kwa kishindo hata inapita katikati bila kusimama, inajikuta imeinamia upande wa pili, na huko upepo unaipokea kwa kuivuta vilevile. Katika kila kwenda na kurudi upepo unaipa nguo nguvu kidogo zaidi ya ile inayoipoteza, kwa hiyo mtikisiko unakua, unakua, mpaka unafikia ukomo wake na kukaa hapo. Nguvu imeletwa na upepo. Mdundo umeletwa na nguo.

Ndiyo maana tanga dogo la ngalawa hupiga haraka kuliko la jahazi katika upepo uleule, na ndiyo maana nguo mpya ya marekani, ikiwa bado ngumu, haipigi sawa na ile iliyochoka kwa jua na chumvi. Vilevile pana kasi ya upepo ambayo chini yake hakuna kinachotokea: nguo inasukwa kidogo, inayumba, inatulia. Upepo ukivuka kizingiti hicho, mambo yanaanza ghafla, si polepole. Na dawa kila baharia anaijua: vuta demani. Nguo ikikaza, kelele inakatika papo hapo, ingawa upepo haujapungua hata chembe.

Sasa lipunguze tanga hilo mpaka liwe jembamba kuliko kidole, jepesi, na kakamavu kiasi. Kwenda na kurudi kwake kutaongezeka kasi mpaka jicho lishindwe kufuata, na badala ya pata-pata sikio litasikia mlio mmoja. Umefika kwenye unyoya wa saba wa mdomopana. Shina la unyoya ndilo foromali. Bapa lake la nyuma, lililo pana na laini, ndilo nguo. Na unyoya wa jirani, unaolilalia na kulishikilia, ndio demani. Manyoya yakilaliana vizuri, bawa ni tanga lililojaa, na ndege anaruka kimya. Yakiachana kidogo, zile nafasi zilizoonekana kwenye picha zikatokea, demani imeachiwa.

Kichakani hakuna upepo, bila shaka. Ndege anautengeneza mwenyewe kwa kulirusha bawa chini. Kasi ya hewa juu ya unyoya inavuka kizingiti kwa kitambo kidogo tu, bawa likiwa katikati ya kushuka, unyoya unalia, bawa linafika chini, linageuka, kasi inaporomoka, unyoya unanyamaza. Kisha tena. Hicho ndicho kinachoipa honi mkwaruzo wake, ile r nyingi katika prrrrrrt.

Lazima hapa nisimame kwa ajili ya jina, maana bila jina tutachanganya mambo mawili. Ndege huyu anatikisa vitu viwili kwa wakati mmoja. Anatikisa bawa, kwa misuli, makumi ya mara kwa sekunde. Ndani ya kila pigo moja la bawa, unyoya unatikiswa na hewa, bila msuli wowote, mara nyingi zaidi ya hizo kwa sekunde. Nilikuwa na nia ya kuliita hilo la pili mtetemo, lakini uzi wa gambusi unatetemeka, simu mfukoni inatetemeka, na hakuna upepo uliohusika. Msukosuko nao wamekwisha kuuchukua marubani. Naona tuseme mpapatiko: kuku aliyechinjwa hupapatika bila kukusudia, na tanga hupapatika bila kupigwa. Bawa basi lina mapigo, unyoya una mpapatiko. Wahandisi wa ndege za abiria wanaogopa mpapatiko kuliko karibu kitu kingine chochote, kwa kuwa bawa la chuma likianza mchezo huo kwa kasi kubwa linaweza kukatika, na hutumia miaka kuhakikisha kizingiti kinabaki mbali na kasi ya safari. Mdomopana anakitafuta kizingiti hichohicho kila jioni.

Turudi kwenye handaki la upepo, kwa kuwa sehemu tamu bado. Baada ya bawa zima, watafiti walichukua manyoya mojamoja, kuanzia wa tano hadi wa kumi, ya dume mmoja wa kila spishi, wakayapima peke yake kwenye upepo. Wangeweza kutarajia kwamba unyoya wa sita na wa saba utalia na mengine yatakaa kimya. Haikuwa hivyo. Yote yalilia. Kila unyoya waliouweka, ukipewa kasi ya kutosha na mkao unaofaa, ulipapatika na kutoa mlio. Tofauti ni kwamba wa sita na wa saba ndiyo yaliyotoa mlio mkubwa kuliko mengine, wenye masafa yanayokaribiana na ya honi halisi, katika kasi ambazo ncha ya bawa inaweza kweli kuzifikia wakati wa onyesho.

Nadhani wengi hulisoma tokeo hilo wakapita. Mimi lilinifanya niweke kikombe chini. Maana yake ni kwamba tulikuwa tunauliza swali kichwa chini. Tulikuwa tunauliza unyoya gani wa ajabu unaoweza kuimba, ilhali kuimba ndiyo tabia ya unyoya wowote mwepesi, bapa na kakamavu ukikutana na hewa ya kasi. Ajabu iko kwenye kimya. Kila ndege anayepita juu ya kichwa chako amebeba bawani safu ya ala zinazongoja, na zinanyamazishwa kwa kulaliana, kwa ugumu wa mashina, kwa mkao ambao haufikishi unyoya kwenye kizingiti chake. Mdomopana hakuhitaji kuchongewa ala mpya. Alichohitaji ni namna tofauti ya kulishika bawa kwa muda wa sekunde moja. Yule kindege wa Ecuador, kwa upande wake, amelipia ala yake kwa manyoya yaliyoharibika umbo, na hata kwa mfupa wa bawa usio na uwazi ndani kama wa ndege wengine. Wetu hakulipa hata unyoya mmoja.

Kulibaki jambo moja: ndege hai. Huko porini watafiti waliwakamata madume, wakabadilisha unyoya wa sita, wa saba na wa nane, wakawaachia warudi kwenye matawi yao. Madume waliendelea na onyesho bila kuonyesha kujali. Lakini honi yao ilibadilika ladha, ikapoteza sehemu ya mlio wake safi na kubaki na mvumo zaidi. Kesi ya unyoya wa tisa na wa kumi ikafungwa hapo. Kwamba wa sita na wa saba ni majirani huenda si bahati tu. Katika kazi yake ya awali kuhusu ndege wadogo wavumao wa Amerika, ambao madume wao hushuka kwa kasi mbele ya jike na kuyaliza manyoya ya mkia, Clark na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba manyoya mawili yanayopakana yanaweza kushirikiana kupitia hewa iliyo kati yake, na sauti ikawa kubwa kuliko ambavyo kila moja ingetoa peke yake.

Kwa nini ndege aache koo na kuhamia kwenye bawa? Ukoo wake unasaidia kujibu. Zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani ni wa oda moja, ile ya shomoro, na wengi katika hao ni waimbaji hasa, wenye sanduku la sauti lenye misuli tata na vifaranga wanaojifunza nyimbo kwa kuwasikiliza wakubwa. Pembeni yao upo ukoo mwingine mkongwe, ambao kwa jumla haujifunzi nyimbo, na ambao umejaa Amerika ya Kusini lakini barani Afrika una wachache mno: pita wenye rangi za kung'aa, na hawa wa mdomo mpana. Mdomopana hana koo la kinega. Ana milio michache ya upole, ya kunung'unika, anayoitumia karibu na mwenzake na karibu na kiota. Kazi ambayo kwa ndege wengine hufanywa na wimbo, yaani kumwita jike na kumwonya dume wa jirani, kwake inaonekana imechukuliwa na bawa. Spishi zote tatu za jenasi hii zina honi hiyo. Ni kweli kwamba ndege waliopimwa hawakuwa wengi, na bado haijapimwa ni msuli gani unaofungua zile nafasi. Lakini ushahidi umeelekea upande mmoja.

Msomaji anayeishi kwenye nyika na sehemu za wazi za miombo, ambako mdomopana hakanyagi, asijione amenyimwa. Yeye ana kipozamataza wa jamii ya Mirafra rufocinnamomea, mwenye rangi ya udongo anaoutembelea, ambaye hupanda juu sana na kugonganisha mabawa kwa mafungu: tatata, kimya, tatata. Åke Norberg alimpima na kuandika mwaka 1991 kwamba katika mafungu hayo huongeza mapigo ya bawa maradufu hadi kufikia 24 kwa sekunde, kazi ngumu kwelikweli kwa mwili ule. Na Robert Payne alikwisha kueleza mwaka 1978 kwamba mpangilio wa mafungu hutofautiana kutoka eneo hadi eneo: madume wa jirani hufanana, wa mbali hutofautiana. Lahaja za mabawa! Yule ni kofi, huyu ni mpapatiko. Fizikia yake ni nyingine kabisa, na ingestahili makala yake siku nafasi ikipatikana.

Sasa maelekezo kwa mkulima wetu wa iliki, na kwa yeyote aliye karibu na Amani, Uluguru au msitu wowote wenye kichaka kizito. Nenda asubuhi kabla jua halijapata nguvu, au jioni kivuli kikishaingia. Usifuate sauti mara ya kwanza. Dume hurudi kwenye tawi lilelile, kwa hiyo subiri alie mara tatu au nne ndipo uamue anatokea wapi. Tafuta kwa macho yaliyoinama, si yaliyoinuliwa: tawi lililolala, usawa wa kifua hadi kidogo juu ya kichwa chako. Ukimwona akifumua mgongo mweupe, hajakosea na hujakosea. Usimchezee sauti iliyorekodiwa ili atoke. Atatoka, na atapoteza jioni nzima akimtafuta dume asiyekuwepo.

Rekodi kwa simu ya kawaida inatosha. Weka simu kwenye jiwe au kisiki, ondoka hatua kadhaa, na ukifika nyumbani ifungue kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti, kisha ivute mpaka honi moja ijaze kioo. Utaona vilima vidogo vilivyopangana, na kati ya kilima na kilima bonde la kimya. Hesabu vilima: hayo ndiyo mapigo ya bawa yaliyolia. Kikuze kilima kimoja tena, na ndani yake, vimesongamana, utaviona vijiwimbi vya unyoya.